Jinsi Nilivyolikata Sofa

Jumamosi, 20 Aprili

Theluji imeyeyuka! Limebaki tonge moja chafu kwenye kona ya banda, nalo halina siku tatu. Nimefungua gereji, nimevuta turubai, nimelitazama Sofa.

Sofa ndilo jina ambalo Marlys, mke wangu, ameipa pikipiki yetu ya safari. Ana haki. Kioo cha mbele kikubwa kama dirisha la jikoni. Redio. Masanduku mawili ubavuni na la tatu nyuma. Kiti cha abiria kina kiegemeo na mahali pa kupumzishia viwiko. Ratili mia nane na kumi na mbili! Hiyo si pikipiki, ni sebule.

Nimekata shauri. Naigeuza iwe boba. Tenki dogo, kiti kimoja cha springi, madigadi ya mbele hakuna, ya nyuma inakatwa mkia, na kila kisicho na kazi kinang'olewa. Pikipiki ya mtu asiye na maneno mengi. Nina siku ishirini na tisa.

Kwa nini ishirini na tisa? Kwa sababu Jumapili ya tarehe 19 Mei ni Baraka za Pikipiki. Padri Alphonse hutunyunyizia maji ya baraka uwanjani pale Mtakatifu Wendelini, na huku kwetu hakuna mwenye akili anayeanza msimu bila kulowa kidogo. Mimi na Marlys hatujakosa miaka ishirini na miwili. Baada ya baraka watu hupiga kura ya pikipiki nzuri kuliko zote, kila mtu anatia nati yake mtungini. Mshindi anapewa Pistoni. Ni pistoni kuukuu ya trekta iliyopakwa rangi ya dhahabu, lakini heshima yake wee!

Miaka mitatu mfululizo imechukuliwa na Duane. Duane ni kaka yake Marlys, yaani shemeji yangu, yaani msalaba wangu. Tulinunua pikipiki siku moja, duka moja, aina moja, hata rangi moja. Baadaye yeye akaikata yake ikawa boba, na tangu hapo hakukaliki naye. Pistoni ameiweka juu ya televisheni, mbele ya picha ya marehemu mama yao.

Nimemweleza Marlys mpango wakati wa chakula cha jioni. Ameweka uma chini. Ameuliza yeye atakaa wapi. Nimemwambia hilo litaonekana mbele ya safari. Amenitazama kidogo, kisha akasema, "Haya."

Amekubali bila kupinga! Si kila mume anajaliwa mke wa namna hii.

Jumapili, 21 Aprili

Nimeanza mara tu tuliporudi misani. Kwanza nimetundika darini ile mizani ya kupimia kulungu wakati wa mawindo. Kila ninachong'oa nakitundika, nasoma, naandika kwa chaki ukutani. Boba ni uzito. Asiyepima anacheza.

Kioo cha mbele: ratili kumi na tisa. Redio na spika zake: kumi na nne. Masanduku: hamsini na tatu kwa jumla. Kiti cha Marlys na kiegemeo chake: ishirini na saba! Miaka yote hiyo nimebeba ratili ishirini na saba za starehe za mtu mwingine bila kujua. Simu ya helmeti, ile ya kuongea mimi na yeye njiani, pamoja na waya zake: ratili tatu na nusu. Nimeikata waya kwa koleo. Raha iliyoje!

Kwenye sanduku la nyuma nimekuta glavu zake za kahawia, karatasi ya nyimbo za kanisa na peremende za mnanaa zilizogandana zikawa jiwe. Nimempelekea. Peremende amezitupa. Glavu amezikunjua vidole kimoja kimoja, akazitia kwenye droo ya jikoni, pale penye taulo. Kisha akanipa kisogo, akarudi kwenye sufuria. Nadhani alikuwa na mengi ya kupika.

Jumatano, 24 Aprili

Siku kubwa. Leo nimemzidi shemeji yangu ujanja, mzima mzima.

Duane alikuja akiwa ameshika kiuno. Mgongo unamtesa, kasema. Daktari amemwambia boba ile itamweka kwenye kiti cha magurudumu, kwamba asipande tena kitu kisicho na springi za maana. Nilimpa pole. Moyoni nilikuwa nacheza ngoma. Mpinzani ametoka uwanjani mwenyewe!

Akaona lundo langu sakafuni. Akauliza kwa unyonge nitafanya nini na makorokoro yale. Hapo akili yangu ikafanya kazi. Nikamwambia mimi ni mtu wa ukoo, siwezi kumuuzia ndugu, lakini tunaweza kubadilishana. Yeye anipe lile tenki lake dogo, usukani mwembamba na kiti cha springi, kwa kuwa hatavihitaji tena. Mimi nimpe lundo zima.

Akajikuna kidevu. Akasema hajui. Akasema mwanamume mwenye gereji ndogo kama yake ataweka wapi vitu vyote hivyo. Nikaona samaki anataka kuponyoka, nikamwongezea na kiti cha Marlys juu yake. Hapo akakubali.

Aliniuliza mara mbili kama Marlys anajua. Nikamjibu kwamba mimi na Marlys tuko bega kwa bega. Akasema, "Shemeji, wewe ni mtu wa pekee." Kisha akapakia kila kitu kwenye gari lake la mizigo, na kwa mtu mwenye mgongo mbovu alipakia haraka ajabu. Labda aliogopa nitabadili mawazo.

Jumla ukutani hadi sasa: ratili mia moja na tisini na nane zimetoka.

Ijumaa, 26 Aprili

Samaki wa Ijumaa kwenye baa ya Skarda, kama kawaida. Samaki wa kukaanga, chapati za viazi, kabichi, mkate mweusi. Nilikula sahani mbili.

Habari za boba zimeenea. Nilitegemea pongezi. Badala yake kila anayepita anauliza swali lile lile: na Marlys atakaa wapi? Skarda mwenyewe kauliza akinimiminia bia. Padri Alphonse kauliza akiwa na mwiba wa samaki mdomoni. Hata yule bibi anayeuza tiketi za bahati nasibu ya kushindania nyama kaninong'oneza. Wivu ni ugonjwa mbaya. Watu wakishindwa kukosoa kazi, wanakosoa viti.

Marlys hakukaa nami muda mrefu. Alihamia pembeni kwa kaka yake, wakaongea chini kwa chini karibu na bakuli la kabichi. Marlys alicheka mara moja, kile kicheko chake cha kurusha kichwa nyuma. Nilipokaribia wakaanza kusifia kabichi. Wananiandalia kitu, si bure. Tarehe 19 huenda wamepanga kunishangaza.

Jumamosi, 4 Mei

Leo nimekata madigadi ya nyuma. Huo ndio moyo wa boba. Ukikata vizuri umefaulu, ukikata vibaya una pikipiki iliyovunjika.

Nilipima mara tatu. Nilichora mstari kwa chaki. Nikawasha grenda, cheche zikaruka, mbwa akakimbilia chini ya kitanda, na kipande kikaanguka sakafuni kikilia kama kengele. Ratili tisa! Nilirudi nyuma hatua nne kutazama. Nzuri mno. Nilitokwa na machozi kidogo, ya vumbi.

Kisha nikapanda. Gurudumu likapanda juu, likasaga ile ncha ya madigadi. Moshi wa mpira.

Nikamwita Inga Tollefson. Inga ndiye mchomeleaji wa matenki ya maziwa, anazunguka mashamba yote ya wilaya, na chuma kikimwona kinatulia. Akatazama kreti za maziwa nilizokuwa nimepandishia pikipiki. Akauliza kama nilipima nikiwa nimekaa juu yake au ikiwa tupu. Nikamwambia nilipima kitaalamu. Akarudia swali. Nikakiri kwamba ilikuwa tupu. Akauliza mimi nina ratili ngapi. Nikasema hilo halihusiani. Akaonyesha ile mizani ya kulungu kwa kidole, akasema, "Jitundike basi, tujue."

Sikujitundika.

Dawa aliyotoa ni kuondoa springi za nyuma na kuchomelea vyuma vigumu mahali pake, gurudumu lisipande tena kamwe. Boba za zamani ndivyo zilivyokuwa, ngumu kama benchi la kanisa. Nimefurahi. Hata hasara yangu inageuka kuwa mtindo!

Inga naye, akikusanya vifaa vyake: na Marlys atakaa wapi?

Marlys alitoka kuja kuona. Akaizunguka pikipiki yote. Akasema, "Ni tofauti." Watu wengine wa huku wakisema hivyo wanakuwa wanaficha jambo, ila mimi namjua mke wangu. Alimaanisha ni ya kipekee.

Alhamisi, 9 Mei

Eksozi! Banda la ng'ombe la marehemu mjomba lilikuwa bado na mabomba ya maziwa, chuma kisichoshika kutu, yanang'aa kama yamenunuliwa jana. Inga ameyakunja na kuyachomelea, mawili sambamba, mshono hata huuoni. Hakuna boba nyingine Wisconsin nzima inayopumulia bomba la maziwa. Duane atakufa.

Nimeiwasha saa kumi jioni. Mungu wangu, sauti! Ng'ombe wa jirani wote sitini wamekimbilia uzio wa mbali, na jirani amepiga simu kuuliza kama nina bima.

Nimeendesha maili tisa, hadi darajani na kurudi. Niseme kweli. Nilikuwa na furaha ambayo sijaionja tangu nikiwa kijana. Upepo unakupiga kifuani moja kwa moja, hakuna kioo. Barabara unaiona ikipita chini ya buti. Pikipiki inageuka ukiiwazia tu. Kila shimo nililihisi mpaka kwenye meno, lakini hata mashimo nilikuwa nayapenda. Nilipofika nyumbani niligeuza kichwa nimwambie mtu. Hapakuwa na mtu nyuma, bila shaka. Nikamwambia mbwa.

Nilipita kwa Duane. Amefunika madirisha ya gereji yake kwa mashuka. Ndani kunasikika spana. Maskini, anajificha kwa aibu.

Jumamosi, 18 Mei

Kung'arisha kutwa. Rangi nyeusi, tenki jekundu, mabomba kama kioo. Ukutani nimeandika jumla kuu na kuizungushia duara: ratili mia mbili na sitini na moja zimetoka. Nampa Duane pole mapema.

Redio inasema kesho kutakuwa na manyunyu. Manyunyu hayamuui mtu.

Marlys ameoka pai nne za cheri za kupeleka kwenye chakula cha kanisa. Ameniuliza nitazibeba wapi. Nimemweleza kwa upole kwamba boba haibebi pai. Nikamwambia aje na gari, tukutane huko. Akasema nisihangaike, usafiri anao. Nikasema vizuri sana.

Baadaye nimemwona anafungua droo ya taulo na kutoa zile glavu za kahawia. Za kuendeshea gari, nadhani. Asubuhi bado kuna baridi.

Jumapili, 19 Mei

Naandika nimelala kifudifudi. Kukaa siwezi.

Niliondoka saa moja asubuhi, peke yangu, kwa kishindo. Ni maili thelathini na nane hadi Mtakatifu Wendelini. Manyunyu yalianza maili ya tano. Sasa ndipo nikajua madigadi ya mbele ilikuwa na kazi gani. Maji yote ya barabara yalikuja usoni. Ya nyuma ilikuwa na kazi gani nilijua pia, maana mstari wa matope ulinipanda kutoka kiunoni hadi kisogoni, na mwingine ukaingia ndani ya kola.

Nikaendelea. Pistoni, Pistoni, nikawa najiambia.

Njia ile nimeipita mara ishirini na mbili na sijawahi kupotea. Unafika penye ghala refu la bluu la nafaka, unakata kushoto. Sasa leo nimeelewa kwamba sijawahi kulitazama ghala hilo hata siku moja. Kila mwaka Marlys huniambia sikioni, "Ghala la bluu, Rollie, kushoto," nami nakata. Leo nilikuwa naendesha huku nikisubiri kuambiwa. Sikio lilikuwa na upepo tu. Nilipogutuka nilikuwa maili kumi na moja ndani ya wilaya nyingine, mbele ya kiwanda cha jibini nisichokijua.

Nikageuza. Pikipiki ikakohoa mara mbili, ikanyamaza. Tenki dogo! Sofa lilikuwa linakwenda maili mia mbili bila kuuliza. Hili dogo linapendeza machoni tu.

Nilikaa kando ya shamba la mahindi yaliyoanza kuchipua. Saa nne ilipita, saa ya baraka. Nilijua Padri Alphonse sasa anazunguka na ndoo yake, anacheka, anawalowesha watu. Miaka ishirini na miwili bila kukosa, bila ajali hata moja, na mimi niko hapa na matope kisogoni. Nilisikitika sana, siwezi kuficha. Si kwa ajili ya Pistoni. Nilitaka kumwambia Marlys kwamba nimepotea, na yeye ndiye hakuwepo.

Saa tano na nusu nikasikia muziki. Polka, kwa sauti ya juu. Kikaja kioo kikubwa kama dirisha la jikoni. Nyuma yake Duane, mkavu kabisa, hana hata tone. Na nyuma ya Duane, viwiko vimepumzika, mgongo umeegemea, glavu za kahawia mkononi: mke wangu.

Lundo langu lote! Kila kipande kipo mahali pake kwenye pikipiki ya Duane, kama kimezaliwa pale. Si tulinunua aina moja? Hata simu ya helmeti ameiunga waya upya. Marlys alisema kitu kwenye simu hiyo, Duane akacheka, kisha wakasimama.

Marlys alivua helmeti. Akauliza kama nililiona ghala la bluu. Nikasema kulikuwa na ukungu. Akasema alipofika kanisani na kunikosa hakumuuliza mtu, alimwambia tu Duane, "Amepitiliza ghala," na kura zilipokwisha wakaja moja kwa moja.

Kwenye sanduku la kushoto walikuwa na petroli. La kulia, kipande cha pai kimefungwa kitambaa. Na mfukoni Marlys alikuwa na chupa ya haradali, ya kubinya, imeoshwa, Padri Alphonse ameitia maji ya baraka akasema wampelekee yule mwenye boba. Marlys akainyunyizia pikipiki yangu mbele na nyuma. Halafu akanibinyia mimi usoni, zaidi ya ilivyohitajika. Duane alivua helmeti. Nilijisikia vizuri mara moja.

Nikauliza nani amechukua Pistoni. Wakatazamana. Duane akafungua sanduku la nyuma. Imo humo, imefungwa kwa taulo letu la jikoni! Mwaka wa nne! Inasemekana Marlys aligawa pai moja kwa moja kutoka sandukuni, na nati zikamiminika. Duane kasema, "Shemeji, nakushukuru kwa vifaa. Hata mgongo umepona."

Tulirudi wao mbele, mimi nyuma. Sikuwahi kumwona Marlys akiwa barabarani, maana siku zote yuko mgongoni kwangu. Kwenye kila kona anainama kabla ya dereva, na kumgonga begani mara mbili kwa vidole. Nilidhani vile vidole vilikuwa vyangu peke yangu. Nimeona wivu maili arobaini nzima. Wivu kwa kaka yake!

Jumatatu, 20 Mei

Mgongo hausemeki. Hata hivyo niko radhi. Jua limetoka, boba inang'aa, na jana usiku Marlys alinipaka dawa ya misuli huku akicheka peke yake. Asubuhi kabla ya kwenda kwa dada yake aliniambia wazi: yeye anapenda sana kupanda nami, lakini atapanda penye kiti. Tarehe 16 Juni kuna msafara wa kuzunguka ziwa, na Duane ameshamwalika.

Kamwe!

Nimekaa nikatafakari kosa langu kwa dhati, nimelielewa lote. Nilimng'olea mke wangu kiti chake bila kumuuliza. Si vizuri. Mtu akikosea hivyo lazima arekebishe haraka. Kwenda kumwomba Duane nitakuwa nimejidhalilisha. Kiti kipya cha dukani hakina roho. Kinachotakiwa ni kiti ambacho Marlys amekizoea, anachokipenda, chenye umbo lake.

Nimekipata! Bandani, kwenye ile mashine yake ya kukatia nyasi, ya kukalia na kuendesha, niliyompa tulipotimiza miaka thelathini ya ndoa. Kiti cha manjano, springi mbili, kiegemeo. Ni yeye peke yake anayekikalia, hata mimi haniruhusu. Bolti nne tu! Nimekitundika kwenye mizani: ratili kumi na saba. Kwa boba ni mzigo mdogo. Nimekata kidogo zile pembe za nyuma kwa grenda ili kikae sawa. Inga anakuja kesho kuchomelea.

Mchana Marlys amepiga simu. Kasema anarudi Alhamisi, nyasi zitakuwa zimefika magotini, atakata uwanja wote. Nimemwambia asiwe na haraka, kuna jambo la kumfurahisha linamsubiri bandani, na linahusu kiti. Ameuliza kiti gani. Nimemwambia atakiona mwenyewe. Kisha akasema, "Haya."

Amekubali bila kupinga!